Sala ya Pili

Mimi ni mtu wa kushuku, sifichi. Mteja akinisifia mshono, nageuza gauni nitafute nilipokosea. Kwa hiyo wifi yangu alipoingia chumbani na mzee wa kanisa, akanikumbatia mara mbili na kuniita kipenzi, machale yalinicheza. Tangu kaka yake aanguke kutoka kwenye jukwaa la ujenzi na miguu kufa ganzi, hajawahi kuniita kipenzi.

"Tumekuja kumwombea kaka," alisema.

"Karibuni, karibuni sana."

Na nilimaanisha. Kesho yake mume wangu alikuwa anapasuliwa mgongo, na daktari alitueleza bila kuzunguka kwamba huenda asisimame tena. Nilikuwa nimeomba hadi maneno yameniishia. Nilihitaji mtu mwingine aniombee.

Lakini wifi hakukaa. Alifungua pazia, akatazama kitanda, akatazama dirisha, akamwomba mzee wamsogeze mgonjwa kwenye mwanga. Akachukua beseni na kopo la haja ndogo, akavificha nyuma ya cherehani yangu. Kisha akapiga magoti, akachungulia uvunguni. Damu ilinipanda. Anatafuta hirizi huyu, nikawaza. Wanadhani nimekwenda kwa mganga.

"Wifi, umepoteza nini huko chini?"

"Soketi. Simu inakaribia kuzima."

Nikaona aibu. Ila shaka haikuisha, ilihama tu. Nikamuuliza simu ni ya nini kwenye maombi.

"Ya kurekodi, video ya ukurasa wa kanisa mtandaoni," alisema, akiiegemeza kwenye chupa ya maji, juu ya Biblia ya mume wangu. "Watu waone Mungu anavyotenda. Ile ya wiki iliyopita walivyoitazama, we acha tu!"

Mzee alifunga kifungo cha koti. "Inawajenga waumini, mama."

Nilitaka kukataa. Lakini ukiwa na mgonjwa ndani, unakuwa mpole kwa kila anayebisha hodi. Nikawapisha.

Wakaomba. Nitasema haki, mzee aliomba vizuri. Alimshika mume wangu nyayo, zile nyayo zisizosikia kitu, akazungumza na Mungu kama na mtu anayemjua. Na mume wangu, ambaye hakudondosha chozi hata siku ile alipookotwa kwenye kokoto, alilia. Alilia mdomo wazi, kamasi zikimtoka. Nilimshika kichwa, nikalia naye, simu nikaisahau kabisa.

"Amina," tukasema.

Wifi aliichukua simu, akaigusagusa, uso ukamshuka.

"Jamani. Haikurekodi."

"Yote?" mzee aliuliza.

"Yote. Nilidhani nimebonyeza."

Nilijua wataangua kicheko, nami ningecheka nao. Badala yake mzee alijipangusa jasho, akarudi miguuni pa kitanda.

"Basi turudie upesi, kabla mwanga haujapungua."

Wifi akairudisha simu juu ya Biblia, akamwinamia kaka yake. "Kaka, pale ulipolia palikuwa pazuri mno. Ukijisikia, lia tena. Hatukulazimishi lakini."

Na mume wangu, kwa kuwa ni mgonjwa na ni mpole, akaanza kukunja uso. Alifumba macho, akayakaza, akayafumbua, akayakaza tena. Alikuwa anatafuta chozi.

Hasira iliyonishika sijawahi kuijua. Ile simu ilikuwa imekaa juu ya Biblia, na sote wanne tulikuwa tunaisubiri.

"Mzee," nikasema, "sala ya kwanza haikufika?"

"Ilifika, mama, ila..."

"Ila nini? Ilifika kwa nani?"

Akafungua mdomo, na kabla hajanijibu akaitupia simu jicho. Sidhani alijua kwamba ameitazama. Mimi nilimwona.

Nikaitoa simu pale, nikamkabidhi wifi mkononi. Alinijia juu. Alisema nazuia baraka za kaka yake kwa kiburi changu, na kesho yakitokea ya kutokea nisije kulia kwake. Yalinichoma, maana hiyo kesho mimi nilikuwa naiogopa kuliko yeye. Lakini sikumrudishia neno, wala simu haikurudi mahali pale. Akatoka, na mzee akaaga kwa sauti ndogo, akamfuata.

Nilipogeuka, mume wangu alikuwa bado amekaza uso.

"Acha, baba. Wameondoka."

Alifumbua macho, makavu. "Sasa ile ya kwanza itahesabika?"

"Itahesabika."

"Una uhakika? Maana haikurekodiwa."

Nikakaa kitandani, nikamshika mkono. Mimi kushuku watu nimezoea. Mume wangu hakuwahi kumshuku Mungu mpaka alasiri ile.