Joto la Kidole Gumba

Alhamisi, tarehe 16 Januari 2003. Asubuhi hiyo kulikuwa na jalidi juu ya mapaa, na milima ya Djurdjura ilikuwa myeupe hadi kiunoni.

Nna Taous alimaliza dua za alfajiri, akajifunga kitambaa, akaanza kulizunguka pipa lililosimama katikati ya chumba. Juu yake kulikuwa na kioo kinene, upana wa sinia, ambacho mwanawe Mezian alikuwa akikisaga kwa ajili ya darubini siku wanaume wa gari jeupe walipomchukua. Alisukuma, akavuta, akakigeuza kidogo, akasogea hatua moja. Kila mzunguko aliusindikiza kwa jina mojawapo la Mwenyezi Mungu. Kwa miaka minane tangu siku hiyo alikuwa amekisaga kioo mwenyewe hadi kikabonyea, na sasa aliking'arisha kwa lami na unga mwekundu.

Baada ya magharibi alikuja Lyazid, mtengeneza miwani, mwenzake Mezian katika klabu ya watazama nyota. Alikuja pia Ramdane, shemeji yake Nna Taous, ambaye alikwisha kuzungumza na imamu: kesho baada ya sala ya Ijumaa Mezian asaliwe kama maiti aliye mbali.

"Shemeji, tupumzike sasa. Kituoni kwa polisi wanasema hawajawahi hata kumsikia," alisema Ramdane.

"Chai yangu waliinywa walipokuja kumchukua," alisema Nna Taous. "Kunywa yako, inapoa."

Lyazid aliwasha taa nyuma ya bati lenye tundu la sindano, akaweka wembe pale mwanga uliorudishwa na kioo ulipokutana, akafumba jicho moja apime umbo la kioo kwa kivuli chake.

"Kijivu pande zote. Mbonyeo wa tufe kamili, wallahi! Mama, umewapiga bao wazee wote wa klabu." Akasogeza wembe. "Ila kuna kivimbe. Umekigusa kwa kidole?"

"Na glavu hizi za sufu?"

"Kioo kikipata joto huvimba. Tungoje kipoe."

Walingoja. Chai ilipoa, chumba kikapoa, kivimbe hakikushuka. Ramdane aliinama akachungulia.

"Ni alama ya kidole gumba," alisema. "Kile chenye kovu."

Mezian alijikata kidole hicho siku ya kwanza ya kusaga, kwa haraka zake, kabla ya kusugua ukingo wa kioo uache ukali. Kisha mbele ya kioo, pasipokuwa na mtu, ukapanda mvuke wa joto, kama unaotoka kwenye mwili wa mtu mrefu, bega moja chini.

"Bado anasimama vibaya," alisema Ramdane.

"Sogea kidogo, ndugu yangu, nipime," aliomba Lyazid. Joto likasogea.

"Maiti ana joto?" aliuliza Nna Taous.

Ramdane aliitazama bilauri yake. "Hana, shemeji."

"Basi kesho usinisalie mtoto."

Lyazid alifuta wembe. "Mama, kwa tufe nyota hazitaonekana vizuri. Tufe hurudisha kila kitu kilikotoka. Lazima tuchimbe katikati kidogo."

"Tukichimba?"

"Utaiona Zohali na pete zake. Yeye hutamwona tena hapa."

Nje gari jeupe lilipunguza mwendo mlangoni, kama kila Alhamisi, kisha likapanda kuelekea kituoni. Ramdane alivuta pazia.

Nna Taous alivua glavu, akaweka mkono juu ya pipa.

"Ramdane, Lyazid, na wewe Mezian uliyesimama hapo, nishuhudieni mbele ya Mungu: kioo hiki sikichimbi, na hakichimbwi na mtu. Kitabaki tufe mpaka mwenyewe aingie kwa mlango ule, akimalize kwa mkono wake."