Dari Lililobomolewa kwa Simu

Jumapili mchana Stavros Vlahos alikuwa anakamulia limau mguu wa kondoo jikoni kwake Earlwood, Sydney, simu ameiegemeza kwenye birika. Kwenye simu alikuwepo fundi wake, Macca, akimtembeza katika nyumba aliyoinunua Broken Hill, mji wa migodi ulio kule jangwani, mwendo wa kutwa nzima kwa gari. Stavros hajawahi kuikanyaga nyumba hiyo. Mwenyewe kapanga flati, maana bei za Sydney hazishikiki. Ndivyo tulivyo siku hizi: tunalala kwenye nyumba za watu, tunamiliki nyumba ambazo hata harufu yake hatuijui.

Nyumba ilikuwa ya mabati, ukutani hadi paani. Ndani alikuwemo mpangaji, Shelley Tonkin, na bintiye Poppy wa miaka miwili. Walitakiwa wajibane vyumba vya mbele wakati jiko linakarabatiwa, ili kodi isikatike.

"Bosi, kuna hili dari," Macca alisema. "Huku hatubomoi hivi hivi. Juu yake kuna vumbi la mgodi, la tangu enzi za mababu, na lina madini ya risasi, sumu hasa kwa watoto. Kwanza waje watu wa kulifyonza kwa mashine."

"Watakuja lini?"

"Wana foleni. Labda mwezi ujao."

Mwezi ujao haukumfaa Stavros. Mwisho wa mwezi huu alikuwa anakuja mthamini wa benki, na bila jiko jipya benki isingemkopesha ya kununulia nyumba ya pili.

"Wewe bomoa tu. Mwambie Shelley afunge mlango."

"Nyumba yako, bosi," Macca alisema, akachukua mtaimbo.

Jumatatu asubuhi vumbi lilianza kudondoka kutoka kwenye dari la flati ya Earlwood, juu ya meza ya chakula. Lilikuwa laini, la kijivu lenye wekundu kidogo, na halikutoka kwenye ufa wowote. Eleni, mkewe, alichukua bakuli lake la mtindi akahamia upande wa pili wa meza, nalo vumbi likahamia huko. Akampigia wakala wa mwenye flati, akaletewa mtu na ngazi. Yule mtu aligonga dari, akashika vumbi kidogo kwa kidole, akalitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Hili si la jengo hili," alisema. "Hili la Broken Hill. Kwetu huko. Mnabomoa?"

"Tunakarabati," Stavros alisema.

"Haya."

Akakunja ngazi yake akaenda zake.

Jumatano alikuja Bi Voula, mamake Stavros, na robota la nailoni. Huyu mama sofa zake zina nailoni tangu siku ziliponunuliwa, na hakuna binadamu aliyewahi kugusa kitambaa chenyewe. Akaanza kuifunika meza.

"Vumbi la nani hili?"

"La nyumba yangu, Mama."

"Na huko kwenyewe wanaishi watu?"

"Yupo mama na mtoto wake."

Bi Voula aliacha kufunika. Yeye na marehemu mumewe, waliposhuka melini kutoka Ugiriki, walianzia chumba kimoja kinachovuja.

"Mwenye nyumba wetu wa kwanza nilimlaani kila siku ya Mungu," alisema. "Sura yake sikuwahi kuiona. Nilikuwa najiuliza anafananaje."

Akamtazama mwanawe kwa muda, kisha akaendelea na nailoni yake. Stavros, mtu mzima na mvi zake, masikio yalimwaka kama mtoto aliyekutwa amejikojolea. Alitamani mama amtukane yaishe, lakini mama hakutukana.

Siku moja kabla ya mthamini kwenda, Shelley alipiga simu. Stavros alikuwa kazini, duka la miwani, vumbi likimdondokea bega la kushoto. Wateja walidhani ni mba, nao kwa adabu zao hawakusema kitu.

"Samahani kukusumbua, kaka. Sijaja kwa ugomvi. Poppy wamemtoboa kidole kliniki, kile kipimo cha kawaida cha watoto. Risasi kwenye damu imepanda vibaya. Wananiuliza nyumbani kimebadilika nini, nikasema ni jiko tu. Sasa nauliza, lile dari lilifyonzwa kabla ya kubomolewa?"

Jibu lilikuwa fupi, na alikuwa nalo mdomoni: halikufyonzwa, mtoe mtoto humo leo hii. Ila wakitoka, mthamini angekuta nyumba imefungwa kwa ajili ya sumu.

"Lilifyonzwa," Stavros alisema. "Macca alifanya kila kitu."

"Aa, afadhali. Nashukuru sana."

Alikata simu. Alijifungia chooni akanawa mikono, akanawa tena, na hakuweza kujitazama kwenye kioo. Aliona aibu, aibu hasa, ile ya kutamani ardhi ipasuke. Kisha akarudi dukani kumpima bibi mmoja miwani ya kusomea. Kumpigia Shelley amwambie kweli, hakumpigia.

Mthamini alilisifu jiko. Benki ikakubali, na Stavros akanunua nyumba ya pili Whyalla, mji mwingine asioujua, nayo kwa simu. Vumbi halikukoma. Walisimamisha mwavuli wa bustani juu ya meza, wageni wakawa wanaombwa tu wasogee katikati. Bi Voula aliendelea kuja kila Jumapili. Alikula na kuosha vyombo, lakini mazungumzo yake yote yakawa na Eleni.

Jumapili moja, katikati ya chakula, uliingia ujumbe wa Shelley.

"Kaka, risasi ya Poppy bado haijashuka, wanampima tena mwezi ujao. Lakini uliponihakikishia lile dari nilijua tatizo ni mimi. Nilikuwa mvivu wa kudeki. Sasa nadeki asubuhi, mchana na jioni, na simruhusu kukaa chini. Samahani kwa kukushuku."

Stavros aliusoma, akaurudia.

"Nani?" Eleni aliuliza.

"Mpangaji."

"Anataka nini?"

"Hataki kitu," alisema Stavros, akaomba apitishiwe viazi.