Viazi Vilivyolazwa Kwenye Friji

Mvumi ni nchi ya uwele, mtama na karanga. Viazi mviringo huletwa na malori kutoka Njombe. Kwa hiyo Gladness alipotoa kipande chake cha shamba la bondeni ili watafiti wajaribu aina nne za viazi vya chipsi, majirani walicheka mpaka wakachoka. Jua la Dodoma na viazi, wapi na wapi? Yeye akaendelea kumwagilia. Aina tatu zilizaa vitu kama gololi. Ya nne ikazaa viazi vya haja.

Lakini kuzaa peke yake hakutoshi. Ernest, mtafiti, alishamweleza kwamba kiazi cha chipsi huhukumiwa na mafuta. Kikitoka cha dhahabu, kimepita, na mbegu yake itagawiwa kijijini. Kikitoka cheusi, majaribio yatahamia wilaya nyingine, na Gladness atabaki na vicheko vya watu.

Siku ya kukaanga, vipande vilitoka kwenye karai vyeusi tii. Gladness alitamani ardhi ipasuke immeze. Ernest akamuuliza taratibu viazi vilikuwa vimehifadhiwa wapi. Akajibu, tena kwa fahari kidogo, kwamba tangu vichimbwe vilikuwa kwenye friji la duka lake; alitoa soda zote kwa ajili yao. Kwa joto lile, kitu cha thamani ungekiweka wapi kwingine?

Ernest alicheka, ila si kwa dharau.

"Mama, kiazi kikikaa kwenye baridi kali kinajaa sukari, na sukari ndiyo iliyoungua. Mbegu haina kosa. Nipatie vingine tu, ambavyo havijaingia kwenye friji."

Vingine vilikuwa ndoo moja tu, malimbuko aliyoyapeleka kanisani wiki ile ya mavuno. Baada ya ibada vilinadiwa kama ilivyo desturi, akavinunua Mzee Matonya, kinara wa wote waliomcheka. Bila shaka alishavila zamani. Gladness akaenda hivyo hivyo, miguu mizito, akamwamkia shikamoo na kueleza shida yake.

Mzee aliinamisha uso, akaingia ndani, akatoka na ndoo. Haikuwa imepungua hata kiazi.

"Nilitaka kuvipanda," alisema. "Nilicheka mbele za watu, lakini shamba lako nililiona."

Wakarudi pamoja kwenye karai, na safari hii vipande vilitoka vya dhahabu. Ernest akavionja, akapiga simu ofisini palepale kwamba aina ya nne imepita. Gladness akalia mbele yao bila kujificha. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Ernest kwa uvumilivu wake, kisha akamgeukia mzee na kumshika mikono yote miwili.

"Usinishukuru, mwanangu," Mzee Matonya alisema. "Nirudishie vilivyobaki, nikapande."

Gladness akambebea ndoo mwenyewe mpaka kwake.