Mama wa Kwenye Wimbo

Wimbo ulipoanza kupigwa kwenye kila redio, fundi cherehani aliucheka. Mdogo wake, ambaye mtaa ulimwita Kasuku kwa kupenda kuimba tangu utotoni, alikuwa akizililia humo siku za zamani: mama aliyewasha jiko alfajiri, mama aliyekata pazia akamshonea mwanawe sare ya shule. "Siku zile zirudi, mama, hata tukilala njaa." Watu wazima na ndevu zao walikuwa wakiusikia wanashika tama.

Ila pazia lile alilikata yeye, dada mtu. Mama yao aliaga kwamba anakwenda dukani, na duka hilo lilikuwa mbali kweli, maana hakurudi. Kasuku wakati huo alikuwa bado anakojoa kitandani. Dada naye alikuwa mwanafunzi. Akaiacha shule, akakalia cherehani, na hapo ndipo alipo mpaka leo.

"Umenifuta mzima mzima," alimwambia, nusu utani, Kasuku alipopita kibandani kwake.

"Dada nawe! Neno 'mama' linakaa vizuri kwenye muziki, basi. Siku ya onyesho nitamwita mama jukwaani, watu wote wamwone. Wewe njoo tu, ukae mbele."

Kisha akamwachia kitambaa cha hariri na vipimo. Gauni la mtu wa heshima, alisema, na asiulizwe ni nani.

Fundi aliposoma vile vipimo, moyo ulimruka. Mabega yake, kifua chake, kiuno chake, hata mkono wake mfupi ambao nguo za dukani huusumbua. Kumbe huyu mtoto ameiba gauni langu akalipima! Akajitia hamnazo. Alilishona kwa mkono pale ambapo mashine ingetosha, akawachelewesha wateja wake, na hakulijaribu hata mara moja, akiogopa kuiharibu raha ya kuvishwa siku yenyewe. Miaka yote hiyo hakuwahi kudai shukrani, lakini sasa aliitaka, na hakuona haya kuitaka. Kasuku akaja kulichukua, akambusu kwenye paji la uso.

Siku ya onyesho alikaa mbele, akisubiri kuitwa chumba cha nyuma. Hakuitwa. Wimbo ukafika katikati, Kasuku akanyanyua mkono, na gauni likatokea jukwaani likiwa limevaliwa na mwanamke wa makamo, mwenye mabega yale yale na mkono mfupi ule ule. Lilimkaa kama ngozi. Fundi alimtambua mama yake kabla hajaiona sura.

Ukumbi mzima ulisimama ukilia. Jirani yake akampa kitambaa cha kufutia machozi, akasema, "Mama hana mfano, mwenzangu."

Alimfuata Kasuku nyuma ya jukwaa.

"Amerudi lini?"

"Alisikia wimbo redioni, akanitafuta. Ningekwambia, dada, ila ungekataa kushona."

"Ningekataa, ndiyo. Umenishonesha nguo ya kunizikia, halafu ukaniketisha mbele nitazame. Fadhila ya punda mateke, nilikuwa naisikia tu."

"Usikasirike, dada yangu. Hii ni kazi. Watu wanamlilia mama. Nani duniani anamlilia dada?"

"Wewe," fundi akasema. "Kila nilipochelewa kurudi kazini ulikuwa unamlilia dada, mpaka majirani wanakuja kukubembeleza. Hukuwahi kumlilia mama. Hata sura yake ulikuwa huijui."

Kasuku aliinamisha kichwa, na kwa muda kidogo alikuwa yule mtoto wa zamani. Ukumbini watu walikuwa wakipiga makofi, wakitaka wimbo urudiwe. Akajifuta uso, akanyoosha kola yake, akaenda kuwaimbia.