Chokaa ya Wageni

Tume ilipofika uchochoroni kuona mahali fundi redio alipopigwa risasi, ilikuta ukuta mweupe pe, bado unanuka chokaa. Ofisi ya mtaa ilikuwa imesikia kwamba wageni wakubwa wanakuja, na ofisi ile ilijua jambo moja tu kuhusu wageni wakubwa: wasionyeshwe pachafu. Mitaro ilizibuliwa, takataka zikachomwa, mashimo ya ukutani yakazibwa kwa simenti, na juu yake ikapitishwa brashi.

Mama wa fundi aliutazama ukuta ule kama anavyotazamwa mtu aliyekuja msibani na nguo za harusi. Hakulia. Machozi yake alikwisha kuyalia kwa wanaostahili.

"Pamependeza," alisema Mwenyekiti wa tume, jaji mstaafu mwenye koti jeusi.

"Pamependeza, mzee," mama akajibu. "Limebaki zulia tu."

Alichotaka kilikuwa kimoja: kujua mwanawe alikufa vipi, na hilo liandikwe. Polisi aliyempiga, kijana ambaye wenzake walimwita Kuruta, alisema risasi ya kwanza aliipiga juu, ya kuonya. Fundi akamjia mbio na kitu kinachong'aa mkononi, ndipo akapiga ya pili. Jirani aliyechungulia dirishani alisema fundi alikuwa amepiga magoti, mikono juu, mgongo ukutani. Daktari alisema tu kwamba risasi iliingilia kifuani ikatokea mgongoni. Shahidi aliyebaki ni ukuta, nao ulikuwa umezibwa mdomo kwa heshima ya wageni.

"Kama mnavyoona, hapa hakuna kitu," alisema Mwenyekiti, akauegemea ukuta. "Tume haiwezi kupima kisichoonekana. Tutabaki na neno la askari na neno la jirani, na jirani ni rafiki wa familia."

"Na askari ni rafiki wa nani?" mama akauliza.

Kuruta alikohoa. "Mheshimiwa, tundu la risasi ya kwanza lilikuwa pale juu. Nilimwambia mkuu wa kituo wasizibe. Akasema nisimwaibishe mbele ya wageni."

Hapo mama alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. Mpaka siku ile alimdharau kiasi cha kutomtazama juu ya viatu. Aliona kijana mwembamba, midomo imemkauka, na wakubwa wake walioipigia saluti tume yote hawakumpa hata kivuli cha kusimama. Hakumhurumia. Ila aliona kwamba chokaa ile ilimfuta na yeye.

Akatia mkono mkobani, akatoa bisibisi ndogo aliyoitoa kwenye meza ya kazi ya mwanawe.

Kipaza, jirani mwingine, aliyekuja na kipaza sauti chake na kundi la vijana, alimsogelea akamnong'oneza. "Shangazi, liache hilo tundu. Ukilifumua unamwokoa huyu askari."

"Kama alipiga juu, alipiga juu."

"Kwani uko upande gani?"

"Upande wa mwanangu. Wewe uko upande wa hicho kidude ulichoshika." Akamgeukia Kuruta. "Mimi sifiki huko juu. Shika, uchokoe mwenyewe, sote tukiona."

Kijana alipoiona bisibisi inang'aa alisita, kisha akaipokea kwa mikono miwili. Simenti ilikuwa bado mbichi. Iliachia kama ngozi ya kidonda, na ndani yake, juu kabisa kupita kichwa cha mtu, ilionekana risasi imekwama.

"Vizuri sana," alisema Mwenyekiti, na kweli alifurahi. "Askari alisema kweli. Nadhani kazi yetu imekwisha."

"Risasi zilikuwa mbili, mzee. Shule yenu ilifundisha kuhesabu mpaka moja?"

Vijana wa Kipaza wakacheka. Mama akanyoosha mkono, akarudishiwa bisibisi, akachuchumaa. Magoti yalimlalamikia, akayapuuza. Alipapasa chokaa kwa vidole mpaka mahali palipokuwa laini, akachokoa polepole. Tundu la pili lilikuwa chini, na risasi yake ndani.

"Risasi huweza kupinda," alisema Mwenyekiti.

"Hata maneno hupinda." Akainuka kwa kushika ukuta. "Kijana, simama hapo. Mgongo ukutani."

Kuruta akasimama. Tundu lilikuwa nyuma ya mapaja yake.

"Mwanangu nilimzaa mimi," mama alisema. "Kifua chake hakikuwa huko."

Mwenyekiti akaanza kutafuta neno la kisheria. Kabla hajalipata, Kuruta akapiga magoti. Hakuambiwa na mtu. Tundu likaja usawa wa mbavu zake, na mikono yake ikapanda juu ya kichwa, polepole.

"Alikuwa hivi," alisema. "Nilipopiga juu, alipiga magoti. Mimi nilikuwa nimeshaogopa."

Kipaza akainua kidude chake. Mama akakishusha kwa kiganja. Alimwacha Kuruta ainamishe uso bila ya watu kumpigia kelele, maana hata mnyonge wa namna ile alikuwa amesema alichokataa kusema mtu mzima mwenye koti.

"Alionya kwanza. Andikeni," akamwambia karani wa tume. "Na mwanangu alikuwa amepiga magoti. Andikeni na hilo. Msiandike moja mkasahau la pili."

Karani akaandika yote mawili. Mwenyekiti akageuka kwenda kwenye gari, mgongo wa koti lake ukiwa mweupe kuanzia mabegani.

"Mzee," mama akamwita, "umeondoka na ukuta wetu."

Kwenye kona, mtu wa ofisi ya mtaa alikuwa amekwisha kufika na ndoo na brashi, kurekebisha palipoharibiwa. Mama akaomba kiti kwa jirani wa dirishani, akakiweka kati ya matundu mawili, akaketi kumngoja mpiga picha wa tume aje kuyapiga.

"Ndoo hiyo kaikogee," akamwambia mtu wa ofisi.