Ghala Lililosemwa ni Tupu

"Umeona kwa macho yako, Antwi, au umeambiwa?"

Dufie aliandika swali hilo asubuhi, chai yake ikipoa mezani, kisha akakaa kusubiri. Watu karibu mia tatu walisubiri pamoja naye, wengine wakiwa palepale mjini Techiman, wengine Kumasi, wengine kwenye baridi ya nchi za watu huko ng'ambo. Jibu lilichelewa.

Mtandao wao haukuwa na tajiri. Ulikuwa wa seva ndogondogo zilizotapakaa duniani, kila moja na mwenyewe na masharti yake, zikipelekeana habari kama majirani wanavyoombana moto wa jikoni. Seva ya Dufie ilikaa juu ya kabati la vyombo, ikinguruma mchana kutwa, na umeme wake aliulipia kwa viti vya plastiki alivyokodisha misibani. Zamani alikuwa akisoma habari redioni, mpaka redio ikauzwa na wenye mali wapya wakataka muziki tu. Wengine wangeshukuru kupumzika. Yeye alifungua kwenye seva hiyo kijiji chake, jukwaa la kujadili mambo ya dunia: nani kasema nini, na kwa nini tumwamini.

Sharti la kijiji alilitoa nyumbani. Kwetu mgeni akiingia hupewa maji, halafu huulizwa atokako na alichokuja nacho, naye huisimulia safari yake hatua kwa hatua hata kama mwenyeji anaijua yote. Kwa Dufie nako, mwenye habari alianza kwa kusema ameitoa wapi. Akishindwa, habari yake iliondolewa, awe profesa, awe shemeji yake Dufie. Shemeji alikuwa ameshaondolewa mara kadhaa, na bado alinuna.

Asubuhi hiyo televisheni moja kubwa ya ng'ambo ilitangaza kwamba kombora limeangukia ghala la vitunguu katika nchi moja yenye vita. Ghala lilikuwa tupu, walisema, hakuna aliyeumia. Antwi, kijana wa Techiman anayeendesha lori huko huko vitani, akaandika kwamba ghala halikuwa tupu. Vibarua walikuwa wamelala humo, na baadhi yao ni watu wetu. Hakusema zaidi ya hapo.

"Wewe na lori lako, wale na kamera zao, tumwamini nani?" aliuliza mmoja.

"Na hizo kamera zilisimama wapi?" akadakia mwingine. "Ng'ambo ya mto! Hata mimi nikisimama ng'ambo ya mto kila nyumba ni tupu."

"Antwi huyu si ndiye aliyetuambia kakao itapanda bei? Bado nangoja kununua gari."

Walicheka, kama watu wanavyocheka wakiwa mbali na moto. Kisha Maame Birago, muuza viazi vikuu wa sokoni, akaandika polepole, makosa tele: "Okyere mtoto wangu analala ghala huko. Simu yake haishikiki. Antwi mwanangu, sema basi."

Utani ukakatika. Hapo ndipo Dufie alipouliza lile swali.

Baada ya kitambo kirefu Antwi alijibu: "Nililosema nimesema, anti. Usiniulize hapa."

Hilo lilikuwa jibu la mtu aliyeokota maneno njiani. Isitoshe, wenye seva nyingine walikuwa wameshamwonya Dufie kwamba kijiji kikieneza uvumi wa vita watakifungia mlango. Akaiondoa habari ya Antwi. Mahali pake akaweka: "Habari hii haina aliyeishuhudia. Tushike iliyotangazwa: ghala lilikuwa tupu." Alijiambia kwamba amefuata sharti. Ukweli ni kwamba pia hakuweza kuyatazama maneno ya yule mama mara ya pili.

"Mungu akubariki, Dufie," Maame Birago aliandika. "Sasa naweza kwenda sokoni."

Adhuhuri simu ililia. Alikuwa Antwi, sauti yake imekauka.

"Antwi! Umeniangusha mbele za watu. Swali dogo vile?"

"Anti, mama yake Okyere yumo humo kijijini."

Dufie akaibana simu sikioni.

"Ningesema nimeona, ungeniuliza nimemwona nani. Si ndivyo ulivyotuzoesha? Nimtaje Okyere pale, mama mtu anasoma, hata uji hajanywa? Mjomba hayupo, mwanamke wa kumshika hayupo? Mimi ni mtoto wa nani, anti, nimfanyie hivyo?"

"Umemwona?"

"Nimemfunika kwa shuka langu mwenyewe."

Dufie alikaa sakafuni. Alijisikia vibaya, akajionea hasira. Kifo hakitupwi sokoni. Kinapelekwa nyumbani na wakubwa, kwa sauti ya chini, na anayekijua kabla ya wakati hukizungukazunguka kwa maneno mpaka wenyewe wafike. Hilo kila mtoto wa Techiman analijua, na yeye mwenye viti vya misiba alilijua kuwashinda wengi. Antwi alikuwa amekizunguka mbele yake, naye akamwona mzushi.

Alimfuata Mjomba Amponsah, kaka yake Maame Birago, aliyekuwa akianika kakao. Mzee alisikiliza, akanawa mikono, akavaa vazi lake la kitambaa cheusi. Walimkuta dada yake ndiyo kwanza ametoka sokoni, anafungua mtandio uliofungiwa mauzo, uso umemchangamka. Mzee aliomba waketi ndani. Akaeleza walikotoka, akamtaja Antwi, akafika mwisho.

Maame Birago hakulia. Alimgeukia Dufie.

"Asubuhi niliambiwa ghala ni tupu."

"Ndiyo, Maame."

"Wewe ndiye uliyeniambia."

"Ni mimi."

"Nikaenda kuuza. Nikataniana na wateja, Dufie. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma."

Ndipo kilio kikaja, na majirani wakaingia mmoja mmoja bila kuitwa.

Jua lilipoanza kupungua makali, sauti ikiwa imemwishia, Maame Birago aliinua kichwa.

"Hao watu wa televisheni, bado wanasema tupu?"

"Bado," Dufie alijibu. "Nitarudisha aliyoyaandika Antwi, na nitasema nilikosea kuyaondoa."

"Rudisha. Halafu niandikie na mimi."

"Dada," Mjomba Amponsah alisema kwa upole, "ngoja kwanza ukoo ukae."

"Ukoo utakaa, kaka. Kwetu mzazi hamziki mwanawe, na mimi sitasogea kaburini. Hata mwili wenyewe sidhani kama utakuja. Lakini kuandika, nani alinikataza?"

Mzee akamsogezea Dufie kiti.

Dufie akaandika kwenye simu yake, na Maame Birago akasema. Jina lake Kwaku Okyere. Alikuwa akilala pembeni, karibu na mlango, kwa sababu vitunguu vilimchoma macho. Aliacha viatu vyake vizuri nyumbani ili visiharibikie huko. Jumapili alipiga simu akataka kujua kama mvua imeshanyesha. Dufie aliandika kila neno kama lilivyotoka, bila kulinyoosha, kisha akaruhusu liende. Maneno yakaanza kuhama kutoka seva hadi seva. Yule aliyetania kuhusu bei ya kakao alikuwa wa kwanza kuandika chini yake. Aliandika jina la Okyere tu, basi. Na mwingine akafanya vivyo hivyo.

"Wale wenye kamera wataona?"

"Huenda wakaona, Maame. Sijui."

"Nipe hiyo simu."

Wanawake walimketisha mkekani, wakaanza kumfumua nywele, kama afanyiwavyo mfiwa. Nje vijana walishaanza kuteremsha viti vya Dufie. Maame Birago aliilaza simu pajani, kioo juu, na kila kilipoanza kufifia alikigusa kwa kidole, kikawaka tena.