Mapigo Aliyomficha Daktari

Mchana ule mama yao alipokata roho, mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa binti yake mdogo, na binti mwenyewe alikuwa anakoroma. Dada mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyeingia akawakuta hivyo. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Hata leo?" Maneno mawili. Miaka sita ikapita na maneno hayo hayakuchakaa.

Mdogo mtu alikuwa mshonaji wa mapazia. Karakanani walimwita Sinzia, maana aliweza kulala fofofo katikati ya mshono, mguu ukiwa bado kwenye pedali. Mara mbili sindano ilimpenya kidole ndipo akaamka.

"Sinzia," mkataji vitambaa alimwambia, "wewe siku ukifa tutajuaje?"

Karakana nzima ilicheka, naye akacheka nao. Angefanyaje? Tangu utotoni ameitwa mvivu, mpaka mwenyewe akaamini kwamba uvivu ni jina lake la pili.

Kisha baba yao akaugua ini. Enzi zake alikuwa msoma mita za maji, mtu wa kuzunguka mitaa kutwa nzima na daftari kwapani. Sasa alibaki mifupa na utani. Alikataa kurudi wodini, akatoa ombi moja tu.

"Nisiondoke peke yangu," alisema. "Mama yenu aliondoka kama mtu anayetoka kwenye nyumba isiyo na watu."

Hakumtazama yeyote. Lakini mshonaji alilisikia neno lile likimwingia mpaka kwenye mfupa.

Wakagawana zamu. Mwalimu akachukua usiku, jirani akachukua asubuhi, mshonaji akapewa mchana, tangu saa sita hadi jua kuzama.

"Utaweza?" dada aliuliza.

"Nitaweza."

"Kuweza kwako nakujua."

Wiki hiyohiyo akaenda hospitali. Wakamlaza siku mbili, kichwa kimejaa nyaya, wakiupima usingizi wake. Daktari, mwanamke mwenye maswali mengi na sauti ya chini, akamwambia, "Huu si uvivu, mama. Ni ugonjwa. Usingizi wako unaingia bila hodi." Mshonaji akalia palepale kitini. Miaka thelathini na minane ya matusi, kumbe ugonjwa!

Dawa ya kumweka macho ilikuwepo. Lakini kabla ya kuiandika, daktari alimpima presha, akamchora umeme wa moyo, kisha akakisikiliza kifua chake kwa muda mrefu mno.

"Valvu moja ya moyo wako imelegea kidogo," alisema. "Wengi wanaishi nayo bila kujua. Ila dawa hii inausukuma moyo, kwa hiyo tutakwenda nayo polepole. Nusu kidonge asubuhi, basi. Kichwa kikiuma, mdomo ukikauka, chakula kikikuchosha, niambie tu ukija. Lakini moyo ukienda mbio wenyewe, ukiruka pigo, kifua kikibana au ukipata kizunguzungu, acha dawa na uje siku hiyohiyo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Na kila wiki mbili nikuone."

Mchana wa kwanza baada ya dawa, mshonaji aligundua kwamba saa tisa ina mwanga wake. Ulipita kwenye pazia alilolishona mwenyewe, ukalala miguuni pa baba. Hakuwa amewahi kuuona. Baba alimsimulia habari za wateja waliofukia mita kwenye vitanda vya maua ili asizione, wakacheka mpaka akakohoa.

"Naona leo mgeni hajaja," baba alisema.

"Mgeni gani?"

"Huyo anayekuchukua kila mchana."

Wiki ya tatu nusu kidonge hakikufua dafu. Ikifika saa kumi kope zinakuwa nzito. Akameza kizima. Baadaye akameza kimoja na nusu, na vilivyopungua akavinunua kwenye duka la dawa la mtaa wa pili, ambako hawakuuliza cheti. Hapo ndipo moyo ulipoanza. Ulikwenda kama cherehani iliyokanyagwa na mwendawazimu: mbio, mbio, kimya cha kutisha, halafu mbio tena.

Hakwenda siku hiyohiyo. Alibuni njia yake. Siku mbili kabla ya kliniki haonji dawa. Anamwambia dada ana mapazia ya hoteli ya kumalizia, jirani anashika zamu, yeye anajifungia chumbani na kulala usingizi wa pono mpaka moyo utulie. Akifika kliniki, muuguzi anamfunga mkono, anasifu: "Presha ya msichana hii!"

"Moyo umekusumbua?" daktari anauliza.

"Hapana," anajibu, bila kupepesa jicho.

Na daktari anaandika kwenye kadi kwamba mgonjwa anaendelea vizuri.

Aliyemgundua ni baba. Mchana mmoja alimshika kifundo cha mkono, akaweka vidole vyake vikavu juu ya mshipa.

"Nimesoma mita maisha yangu yote," alisema. "Hii yako inazunguka na mabomba yote yamefungwa. Kuna mahali panavuja, mwanangu. Nenda kwa daktari."

"Nikienda watanikataza dawa. Wakinikataza nitalala."

Baba alifikiri. "Basi lala. Mimi nitakuamsha."

Wote wawili walijua kwamba wakati ukifika hatakuwa na nguvu ya kumwamsha hata inzi. Mshonaji akageuza uso, akajifanya anakunja shuka.

Ilikuwa Jumatano, saa kumi kasoro. Baba aliomba maji, akalowanishwa midomo kwa pamba.

"Upo?" aliuliza.

"Nipo, baba."

"Macho?"

"Macho."

Akatabasamu. Pumzi ikaja, ikakaa, ikaja tena, ikachelewa. Mshonaji aliisubiri iliyofuata huku amemshika mkono. Haikuja.

Alimfumba macho. Akampigia dada simu: "Baba ametutoka. Nilikuwa naye." Akainuka afungue dirisha. Sakafu ikapanda juu kumfuata.

Alizinduka wodini, nyaya safari hii zikiwa kifuani. Mapigo yalikuwa yamevurugika vibaya. Ilichukua siku tatu kuyarudisha kwenye mstari. Baba alizikwa siku ya pili, binti yake mdogo hayupo.

Daktari alikuja na kadi mkononi. "Vidonge hivi hutavigusa tena," alisema. "Mama, kwa nini hukuniambia? Ningekubadilishia dawa. Ningekupangia usingizi mfupi mfupi kabla ya zamu. Njia zilikuwepo."

Hilo lilimuuma kuliko nyaya. Kope zake zilikuwa zimeanza kushuka, kama zamani.

Dada yake alisimama miguuni pa kitanda na udongo wa kaburini kwenye viatu.

"Watu wameniuliza uko wapi," alisema. "Nimesema unaumwa. Sikuwaambia umejitakia. Nusura nizike wawili wiki moja! Ungeniacha na nani mimi? Mwombe radhi daktari. Halafu uniombe na mimi."

"Nilimdanganya, ni kweli," mshonaji alisema. "Na nilikosea hesabu ya mwili wangu. Hilo nalikubali."

"Basi sema."

Mshonaji alijiinua kwa kiwiko, akamtazama dada yake usoni kwa macho yaliyokuwa yakipigania kubaki wazi.

"Baba aliniuliza kama nipo, nikamjibu. Siombi radhi, dada. Si leo, si kesho."